Maduara mekundu yaliyomtesa fundi Fanueli wa Mlalo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelala juu ya mabati ya Mlalo, na Fanueli Shemweta anagombana na ng'ombe wake. Ng'ombe analitaka jani la mgomba lililo mbele ya Fanueli. Fanueli hajamaliza kuliandika.

"Subiri wewe, bado mkia!" anamkemea, huku brashi ikishuka taratibu juu ya jani, ikikata kulia, kisha ikinyanyuka. Herufi ya Kichina, nyeusi, kubwa kama sahani, inabaki inang'aa kwenye kijani. Fanueli anaitazama kwa jicho moja, anaguna, anasema "Bado," halafu anamtupia mnyama chakula chake. Mpaka saa hii ng'ombe ameshakula herufi saba.

"Karatasi ni ghali, majani ya mgomba ni ya bure," anaeleza, akipangusa brashi kwenye suruali ambayo mkewe ameshakata tamaa ya kuifua. "Na ng'ombe hana maoni. Hiyo ni faida nyingine."

Fanueli ana miaka hamsini na minane. Kwa kazi ni fundi wa maandishi: anaandika misalaba ya makaburini, vibao vya maduka na majina ya mashule. Msalaba mmoja humpa shilingi elfu ishirini. Zamani aliandika vibao vinne kwa wiki, lakini tangu mabango ya kuchapwa kwa mashine yalipopanda milima hii, akipata kibao kimoja kwa mwezi anashukuru.

"Marehemu ndio wateja wangu waaminifu," anasema. "Hawajaanza kudai mabango yenye picha."

Lakini si misalaba iliyomkosesha raha miaka yote hii. Kilichomkosesha raha ni herufi ishirini na nane tu, zilizoandikwa na bwana mmoja wa China aliyekufa mamia ya miaka iliyopita, ambazo Fanueli anazinakili tena na tena akitafuta ruhusa ya kuandika jina lake chini yake.

Katika sanaa hiyo, kama alivyofundishwa, hakuna anayeanza na maandishi yake mwenyewe. Unachukua mwandiko wa bwana wa kale aliyesifika na kuunakili, mstari kwa mstari, mpaka mkono wako ujue mkono wake ulipita wapi, ulikaza wapi na ulipumzika wapi. Kunakili huko ndiyo heshima yenyewe.

"Ni shikamoo," anasema Fanueli. "Huwezi kuingia kwenye baraza la wazee ukaanza tu kuongea. Kwanza unasalimia. Mimi nimesalimia mwaka wa nane huu, sijaitikiwa."

Maneno yenyewe ni barua fupi. Mwandishi wake anamwomba radhi rafiki yake kwa kutofika kwenye harusi ya binti yake, kwa sababu mvua ilibomoa njia ya mlimani. Fanueli alipoelezwa maana yake alicheka sana. "Huyo ni mtu wa huku kabisa," anasema. "Tofauti ni kwamba sisi tungesema mvua imebomoa njia hata kama haikunyesha."

Aliyemtia kwenye mambo haya ni mzee mmoja mfupi aitwaye Luo, aliyekuwa mtunza stoo kwenye kambi ya wajenzi wa barabara iliyowekwa bondeni miaka minane iliyopita. Fanueli aliitwa kambini kuandika vibao vya PUNGUZA MWENDO. Aliandika bila rula, kama alivyozoea, na mzee akasimama nyuma yake tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Nikadhani ananilinda nisiibe rangi," anakumbuka.

Kesho yake Mzee Luo alikuja na brashi ya manyoya ya mbuzi na kopo la maji. Akaandika herufi moja kwenye sakafu ya saruji, akampa Fanueli brashi, akaonyesha kidole. Fanueli akaandika. Mzee akasema, "Bado." Jua likakausha maji, sakafu ikawa safi, wakaanza upya.

Ikawa hivyo karibu miaka miwili, kila jioni baada ya kazi. Kiswahili cha mzee kilikuwa na maneno matatu: "bado," "tena" na "kula." Fanueli anasema aliyasikia yote, ila la tatu ndilo lililosemwa kwa upole. Sifa hakuwahi kupewa. Kambi ilipofungwa, mzee alimwachia brashi mbili na nakala yake mwenyewe ya ile barua ya mvua, aliyoinakili kwa mwalimu wake, ambaye naye aliinakili kwa wake. Kupitia kwa mkalimani akamwachia na masharti.

Karatasi isitumwe kwa picha ya simu, maana mwalimu hutazama pia mgongo wa karatasi kuona wino ulivyopenya. Itumwe kwa posta. Na mwanafunzi asiandike jina lake pembeni mpaka mwalimu aseme. Siku mwalimu akisema, jina litaingia, na mwanafunzi atakuwa amehesabiwa katika ukoo wa wale walionakiliana.

Fanueli hakulala juu ya jambo hilo. Brashi zilipokwisha manyoya alitengeneza nyingine kwa ndevu za beberu wa jirani yake, Mwanamisi, ambaye mpaka leo anadai hakuombwa. Wino aliupika mwenyewe kwa masizi ya jikoni na gundi ya ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa siku nzima. Mkewe, Yusta, analikumbuka juma hilo vizuri.

"Nyumba ilinuka mpaka watu wakaja kutoa pole," anasema Yusta. "Nikawaambia hajafa mtu, ni Baba Glory anapika shule."

Majirani nao walikuwa na mashaka yao. Maandishi meusi yasiyosomeka, yaliyoandikwa alfajiri kwenye majani, yanaleta maneno. Mteja mmoja wa maziwa alihama. Mzee Zuberi, mkulima wa kabichi, alikuja na ombi kinyume chake: apewe andiko la kuzuia wezi shambani. Fanueli akamweleza kwamba ni barua ya mtu aliyekosa harusi. Zuberi akaitikia kwa adabu, akachukua jani moja njiani akitoka, akalitundika kwenye kabichi zake.

"Hawajaiba hata moja tangu siku ile," anasema Zuberi, na hataki kusikia maelezo mengine.

Baada ya kufanya mazoezi kwa zaidi ya mwaka mzima, Fanueli alituma karatasi ya kwanza. Ilikaa miezi minne, ikarudi kupitia sanduku la posta la usharika. Alipoifungua, anasema, alihesabu mara mbili. Herufi kumi na moja zilikuwa zimezungushiwa maduara mekundu. Chini, kwa herufi ambazo angeweza kuzisoma, mzee aliandika neno moja: TENA.

Msomaji aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii hahitaji kuelezwa Fanueli alielewa nini. "Darasa la nne, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na kalamu nyekundu," anasema. "Duara moja, kosa moja. Kosa moja, fimbo moja. Mimi nilipoona kumi na moja, nilihisi mpaka nilipokuwa nimekalia."

Basi akaingia kazini. Herufi kumi na saba zisizo na duara aliziacha kama zilivyo, kwa kuwa zilishapita. Zile kumi na moja akazivunja na kuzijenga upya. Palipokuwa pamenyooka akapapinda, palipokuwa pamekaza akapalegeza. Mwaka uliofuata akatuma karatasi ya pili.

Ikarudi na maduara matano.

"Nilimwita mke wangu huku napiga kelele," anasema. "Mama Glory, yamebaki matano! Tukachinja kuku."

Akafanya kazi juu ya hayo matano kama mtu anayeona mlango uko wazi. Karatasi ya tatu ilichukua karibu miaka miwili. Iliporudi ilikuwa na duara moja tu, dogo, pembeni, na chini yake mistari minne ya Kichina kwa mkono wa mzee mwenyewe. Fanueli, ambaye ananakili asichoweza kusoma, aliitazama mistari ile minne akaona wazi kabisa kwamba ni pongezi. Akaiwekea fremu.

Jumapili iliyofuata alipeleka kanisani sadaka ya shukrani: debe la plamu na jogoo mwekundu wa Yusta. Mchungaji Timotheo akalitangaza jambo hilo mbele ya washarika, kwamba ndugu yetu Fanueli amebakiza kosa moja. Watu wakapiga makofi. Jogoo akanadiwa baada ya ibada, akapata bei nzuri, na Fanueli akaenda nyumbani kuanza karatasi ya nne, ile ambayo isingekuwa na nyekundu hata chembe.

Hapo ndipo alipotokea Lin.

Lin ni mhandisi wa kike, kijana wa Kichina aliyekuwa akipita Mlalo kukagua madaraja, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyekaa Tanzania miaka sita. Aliingia kwenye mgahawa wa Mwanamisi kunywa chai. Mwanamisi hufungia maandazi kwa karatasi za kaki ambazo Fanueli amekwisha kufanyia mazoezi, na badala yake Fanueli hupata maandazi mawili kila asubuhi. Lin akafungua andazi lake, akaisoma karatasi, akaacha kutafuna.

"Mama, nani kaandika hii?"

Mwanamisi alidhani amepata bwana afya. "Karatasi ni safi, dada yangu," akasema. "Imeandikwa upande mmoja tu."

Dakika chache baadaye Lin alikuwa amesimama barazani kwa Fanueli, mbele ya karatasi tatu zilizotundikwa ukutani kwa mpangilio, tangu kumi na moja mpaka moja. Akasimama muda mrefu kwenye ile ya kwanza.

"Shikamoo baba. Hongera sana."

"Marahaba. Usinicheke, binti. Hiyo ya zamani, nimesharekebisha."

"Umerekebisha nini?"

"Hayo mekundu. Angalia huku, sasa limebaki moja."

Lin akatazama ya pili. Akatazama ya tatu. Yusta, aliyekuwa akimenya viazi, anasema aliuona uso wa mgeni ukibadilika akajua kuna msiba.

"Baba," Lin akasema polepole, "kwetu mwalimu akizungushia nyekundu, maana yake hii ni nzuri. Mbaya haizungushii. Anaiacha."

Fanueli akauliza kama ni zote. Akajibiwa ni zote. Akauliza tena kama hata zile kumi na moja. Akajibiwa kwamba hasa zile kumi na moja, kwani ni nzuri mno, na kwamba yeye mwenyewe asingeamini zimeandikwa na mtu asiyejua Kichina.

"Kwa miaka minne nilikuwa naua zilizo hai na kutunza zilizokufa," anasema Fanueli leo, na anaweza kulisema hilo akicheka kwa sababu imeshapita karibu miezi tisa.

Siku ile hakucheka, maana Lin alikuwa ameanza kuisoma ile mistari minne iliyowekewa fremu. Yusta aliikariri aliposikia tafsiri yake, na anaisema neno kwa neno.

"Fanueli, je, mkono wako umeumwa? Ulianza vizuri kuliko mimi nilivyoanza, na sasa sioni tena ulichokuwa nacho. Kama ni mimi niliyekufundisha vibaya, uniambie. Nina miaka sabini na mitano na macho yangu yanafunga, sitaki yafunge kabla sijajua nilikosea wapi."

Hiyo ndiyo pongezi iliyonunuliwa kwa jogoo.

Fanueli aliinuka akaenda kusimama kwa ng'ombe. Hakula mchana, hakula jioni. "Mume wangu akiacha kula, hilo ni kubwa," anasema Yusta. Lakini usiku ulipoingia Yusta mwenyewe alianza kucheka, kwanza kwa kujizuia, halafu bila breki, akitaja jogoo, kuku, plamu na makofi ya washarika. Fanueli alivumilia kidogo, kisha akacheka naye mpaka akalia, na kilio hicho, anakiri, hakikuwa chote cha kicheko.

Alikwenda pia kwa Mchungaji Timotheo kuuliza, kwa uaminifu, sadaka iliyotolewa kwa kushukuru maafa inahesabiwaje. Mchungaji alimjibu kwamba shukrani hupokelewa kwa nia yake. "Na jogoo ameshaliwa," akaongeza.

Lin alitaka kumaliza mambo haraka. Akajitolea kuandika barua ya kumweleza mzee kila kitu, na akaiandika palepale kwa kalamu ya wino. Fanueli akaichukua, akaitazama kwa jicho moja.

"Bado," akasema.

Lin akacheka, akakiri kwamba mwandiko wake uliharibiwa na kompyuta tangu chuoni. Fanueli hakuwa anatania. Barua ya kumwomba radhi Mzee Luo isingeweza kufika ikiwa na mwandiko kama ule. Akamwomba Lin amweleze kila herufi ina maana gani, akakaa nayo wiki tatu, akainakili yote kwa brashi. Inasema kwamba mkono hauumwi, kwamba mwalimu hakukosea popote, na kwamba huku kwetu nyekundu ni fimbo.

Ilibaki kazi kubwa: kuzirudisha zile kumi na moja. Na hapo Fanueli alijikuta mahali ambapo hakutegemea. Ukutani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuziandika herufi zile kwa mkono wa Mlalo zikampendeza Mzee Luo. Ilimbidi amnakili mtu huyo.

"Nilikuwa najinakili mwenyewe," anasema. "Na alikuwa mgumu, jamani! Yule wa miaka minne nyuma alikuwa hajui kitu, ndiyo maana hakuogopa. Mimi najua, kwa hiyo naogopa. Nikaanza kumheshimu."

Alifuta wasiwasi kwa majani ya mgomba, mengi kiasi kwamba ng'ombe alinenepa. Juma lililopita, baada ya miezi minane, alipata karatasi moja ambayo aliigeuza, akatazama mgongo wake, akaigeuza tena, na hakusema "Bado." Yusta anasema alimwona tu akiiweka kwenye bahasha kwa mikono miwili, pamoja na ile barua.

Jumanne asubuhi anavaa koti la ibada na kuipeleka posta mjini Lushoto. Dirishani yuko Klara, karani kijana, ambaye baada ya "shikamoo mzee" anamuuliza ndani kuna nini.

"Daftari la mwanafunzi," anasema Fanueli.

"Mwanafunzi yuko darasa la ngapi?"

"La kwanza."

Klara anapima bahasha, anabandika stempu, kisha anaigeuza. Upande wa mtumaji kuna sanduku la posta la usharika na hakuna jina.

"Mzee, jina lako?"

"Jina bado halijaruhusiwa."

Klara anatazama foleni iliyo nyuma, anamtazama mzee aliyevaa koti. "Bila jina la mtumaji mimi siipokei," anasema. "Ikipotea nitamrudishia nani?"

Fanueli anafikiri. Anaeleza kwamba ndani ameacha nafasi, pembeni chini kushoto, upana wa kidole gumba, na kwamba hapo hapaguswi. Klara anamwambia kwamba ya ndani si kazi ya posta. Basi Fanueli anachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi dirishani na kuandika majina yake matatu mgongoni mwa bahasha, haraka haraka, kama mtu anayesaini kitu kwa niaba ya jirani.

Klara anayasoma kwa shida. "Mzee, usinielewe vibaya," anasema, "mwandiko wako hausomeki." Anayafuta kwa mstari mmoja na kuyaandika upya yeye mwenyewe.

Nje, kwenye ngazi, Fanueli anakubali kwamba anaitaka ruhusa ile. Anaitaka sana. Amekwisha kuamua mahali pa kuitundika karatasi itakaporudi, na Mwanamisi amekubali kwa mara ya kwanza kutoa ndevu za beberu kwa hiari, ziandike jina. Mchungaji Timotheo naye ameahidi kuomba maduara yawe mengi, ila safari hii hatatangaza mpaka Lin asome.

Na kama macho ya mzee yatakuwa yamefunga kabla bahasha haijafika?

Fanueli anatazama wino uliokauka kwenye kucha zake.

"Ana binti. Amsomee ile barua," anasema. "Akisikia tu kwamba mkono wangu haukuumwa na kwamba yeye hakukosea, basi. Jina langu hata lisipoingia, alale bila mawazo."

Kisha anainuka, ananyoosha koti, na kurudi ndani kumuuliza Klara kama bahasha imeshaondoka. Zimepita dakika tano. Klara anaiinua kutoka kwenye rundo, anamwonyesha kwamba ipo, na kumwahidi kwamba gari linaondoka saa nane.

Fanueli anamshukuru, anavuta benchi, na kukaa kuisubiri saa nane.